Sakafu ya Zege Lililong'arishwa: Ubora Wake Huamuliwa Kabla ya Mashine Kuwashwa

Sakafu ya zege lililong'arishwa ni sakafu ambayo zege lenyewe husuguliwa kwa mashine yenye meno ya almasi, hatua baada ya hatua, hadi uso wake uwe laini, mgumu na wenye mng'ao. Haifunikwi kwa marumaru, kapeti wala rangi. Kinachoonekana ni saruji, mchanga na kokoto zilizomwagwa siku ya kwanza. Kwa sababu hiyo, mwananchi anayekusudia kuitumia katika nyumba, duka, ofisi au ghala anapaswa kufahamu jambo moja la msingi: mashine haitengenezi sakafu nzuri, bali hudhihirisha ubora au kasoro ya zege lililokwisha kuwekwa.

Sakafu hii isichanganywe na nyingine zinazofanana nayo kwa macho. Niru ni tabaka jembamba la saruji linalosawazishwa kwa mwiko juu ya sakafu, na huweza kubanduka likitumika sana. Terazo ni mchanganyiko wa saruji na vipande vidogo vya mawe ya rangi unaowekwa juu ya jamvi kisha kusuguliwa. Majengo mengi ya umma ya zamani katika Afrika Mashariki yanayo hadi leo. Katika zege lililong'arishwa hakuna tabaka la ziada: jamvi lenyewe ndilo sakafu ya mwisho.

Wazo la kuifanya sakafu imara kwa nguvu ya kazi si geni katika pwani yetu. Katika nyumba za mawe za Zanzibar na Lamu, mchanganyiko wa chokaa na mawe madogo ulitandazwa juu ya boriti na kupigwa kwa vipande vya mbao hadi ushikamane. Neno sakafu lenyewe lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo humaanisha paa au dari.

Maandalizi ya jamvi

Jamvi linalotarajiwa kung'arishwa huanza chini ya ardhi. Kifusi kinapaswa kushindiliwa kwa matabaka, kwani sehemu isiyoshindiliwa vema hutitia baadaye na kuleta nyufa. Juu yake hutandazwa nailoni nzito ya kuzuia unyevu. Bila nailoni hiyo, maji ya ardhini hupanda na kuacha chumvi nyeupe juu ya uso, nayo hairekebishiki kwa kusugua upya.

Kwa nyumba ya kawaida, unene wa milimita 100 hutumika sana. Maghala na sehemu zinazopitisha magari huhitaji milimita 150 au zaidi, kulingana na usanifu wa mhandisi. Zege linashauriwa kuwa la daraja la 25 au zaidi, yaani linaloweza kuhimili angalau megapaskali 25 baada ya siku 28. Uthibitisho wake ni michemraba ya zege yenye upana wa sentimita 15, inayochukuliwa siku ya kumwaga na kupimwa maabara siku ya 7 na ya 28.

Adui mkubwa wa daraja hilo ni maji ya ziada. Mafundi huongeza maji ili zege litiririke na kazi iwe nyepesi, lakini maji yanayozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha vitundu vinavyodhoofisha uso. Kipimo kinachofaa ni takriban nusu ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50 hauhitaji zaidi ya lita 25, zikiwamo zile zilizomo tayari katika mchanga mbichi. Mchanga wa bahari usitumike, kwa kuwa chumvi yake huvuta unyevu na kutia kutu nondo na nyavu za chuma.

Baada ya kumwagwa, zege linyunyiziwe maji au lifunikwe kwa magunia yenye unyevu kwa siku zisizopungua 7. Zege hupungua kadiri linavyokauka, hivyo hukatwa mistari ya kuongoza nyufa ndani ya saa 24 za kwanza. Mistari hiyo huwa na kina cha robo ya unene wa jamvi. Kwa jamvi la milimita 100, kina ni milimita 25, na umbali kati ya mstari na mstari ni mita 2.4 hadi 3.6. Mwenye jengo asiyetaka mistari hiyo kwa kuona inaharibu sura atapata nyufa zisizo na mpangilio badala yake.

Hatua za kusugua

Usuguaji hufanyika baada ya zege kukomaa, kwa kawaida siku 28 au zaidi tangu kumwagwa. Kazi huanza kwa meno makubwa ya almasi ya namba 30 au 40, yanayoondoa tabaka dhaifu la juu. Kisha hufuata namba 50, 100 na 200, na baadaye 400, 800, 1500 na hata 3000, kulingana na mng'ao unaotakiwa. Kila hatua hufuta mikwaruzo ya hatua iliyotangulia. Fundi akiruka namba, mikwaruzo hiyo huonekana sakafu inapopigwa na mwanga.

Katikati ya hatua hizo hupakwa dawa ya kukazia yenye silikati ya sodiamu au ya lithiamu. Dawa hiyo si rangi. Huingia katika vitundu vya zege na kuungana na chokaa iliyobaki humo, na kufanya kiungo kilekile kinacholipa zege ugumu wake. Mwishoni hupakwa kinga ya kuzuia madoa.

Kwa jengo la zamani, sakafu ikaguliwe kwanza. Ikikwaruzwa kwa msumari na kutoa unga mwingi, ni dhaifu. Ikigongwa na kutoa sauti ya uwazi, tabaka la juu limeachana na jamvi. Ili kupima unyevu, kipande cha nailoni chenye sentimita 45 kila upande hugandishwa sakafuni kwa utepe na kuachwa kwa saa 16; matone yakionekana chini yake, au zege likibadilika rangi, unyevu unapanda kutoka chini na chanzo chake kitafutwe kwanza.

Vumbi ni hatari kwa maisha

Mchanga na kokoto nyingi zina madini ya silika. Zege linaposuguliwa likiwa kavu, silika hutoka kama vumbi laini mno, ambalo sehemu yake ya hatari haionekani kwa macho. Vumbi hilo hufika ndani kabisa ya mapafu na kusababisha ugonjwa wa silikosisi, ambao hauna tiba ya kuuondoa na huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Mwaka 1997, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka silika ya aina hiyo katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu.

Kwa hiyo, usuguaji ufanyike kwa maji, au kwa mashine iliyounganishwa na kifyonza vumbi chenye kichujio cha hali ya juu. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Inahitajika barakoa ya daraja la N95 au FFP2 na kuendelea, inayobana vema usoni. Watoto, wapangaji na wapita njia wasikae karibu na kazi. Vumbi lisifagiliwe kwa ufagio mkavu. Panapotumika maji, umeme uwe na swichi inayojikata unapovuja, na tope la saruji lisimwagwe katika mitaro, kwa kuwa huganda na kuiziba.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003 inampa mwajiri wajibu wa kulinda afya ya wafanyakazi wake, na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ndio wenye dhamana ya kuisimamia Tanzania Bara.

Faida, mipaka na matunzo

Sakafu hii haina viungio vingi vya kushika uchafu kama marumaru, huhisi ubaridi miguuni wakati wa joto, na hustahimili msongamano wa watu. Hata hivyo, ina mipaka. Ikimwagikiwa maji au mafuta huteleza, hivyo bafuni, kwenye ngazi na barazani penye mvua isisuguliwe hadi kung'aa sana. Ni ngumu kwa mtu anayesimama juu yake kutwa nzima. Aidha, gharama ya kuileta mashine haipungui kwa sababu ya udogo wa chumba, hivyo unafuu huonekana zaidi katika eneo kubwa.

Ndimu, siki, ukwaju na dawa za choo zenye asidi hula saruji na kuacha alama zisizofutika kwa maji. Sakafu ipigwe deki kwa maji na sabuni isiyo na asidi, na kimiminika chochote kikimwagika kifutwe mara moja. Mchanga unaoingia na viatu hukwaruza mng'ao kidogo kidogo. Zulia la mlangoni ni kinga rahisi.

Kabla ya kusaini mkataba

Mwananchi anashauriwa kuhakiki usajili wa mkandarasi katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1997. Saruji inunuliwe ikiwa na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na risiti itunzwe.

Mkataba uandikwe ukitaja daraja la zege, siku za kumwagilia, namba ya mwisho ya usuguaji, dawa zitakazotumika, njia ya kudhibiti vumbi na nani atagharamia marekebisho. Kabla ya kazi nzima kuanza, mkandarasi atengeneze sampuli ya mita moja ya mraba au zaidi katika jengo hilohilo, nayo ikubaliwe kwa maandishi. Sampuli hiyo ndiyo kipimo ambacho pande zote mbili zitarejea iwapo utatokea mgogoro, na humwonesha mwenye jengo, kwa gharama ndogo, zege lake litakavyoonekana kabla hajalipia sakafu yote.