Idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Chicago

Idara ya michezo ya Chuo Kikuu cha Chicago ni idara inayosimamia timu za michezo za chuo hicho kilichopo katika mji wa Chicago, jimbo la Illinois, nchini Marekani. Timu zake huitwa Chicago Maroons kutokana na rangi yao, ambayo kwa Kiswahili huitwa damu ya mzee. Mwanzoni mwa karne ya 20 idara hii ilikuwa miongoni mwa zenye nguvu zaidi nchini humo, hasa katika futiboli ya Kimarekani. Kufikia mwaka 1946 ilikuwa imefuta timu yake ya futiboli na kujiondoa katika ligi ya Big Ten, ambayo chuo chenyewe kilishiriki kuianzisha.

Anguko hilo kwa kawaida huhusishwa na mtu mmoja, rais wa chuo Robert Maynard Hutchins, ambaye chini yake futiboli ilifutwa mwaka 1939. Hata hivyo matokeo ya uwanjani yanaonyesha kwamba kushuka kulianza miaka kadhaa kabla Hutchins hajafika, wakati idara ikiwa bado mikononi mwa mwanzilishi wake, Amos Alonzo Stagg.

Kuanzishwa

Chuo kilianzishwa mwaka 1890 kwa fedha za tajiri wa mafuta John D. Rockefeller, na masomo yakaanza mwaka 1892. Rais wake wa kwanza, William Rainey Harper, alitaka chuo kipya kijulikane haraka, naye aliona kwamba michezo ingeweza kuvuta macho ya watu kuliko maabara na maktaba. Hivyo alimwita Stagg, aliyekuwa mwanafunzi wake katika Chuo Kikuu cha Yale, kuongoza idara ya mazoezi ya mwili na michezo.

Stagg hakuajiriwa kama kocha wa kawaida. Alipewa cheo cha profesa mshiriki pamoja na ajira ya kudumu, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida kwa kocha nchini Marekani. Alikuwa mkurugenzi wa idara na kocha mkuu kwa wakati mmoja. Mapato ya viingilio vya uwanjani yaliendeshwa chini ya usimamizi wake, na alipokuwa na shida alikwenda moja kwa moja kwa rais bila kupitia ngazi nyingine. Maprofesa wa idara nyingine hawakuwa na uhuru wa namna hiyo. Utaratibu huu ulifanya kazi vizuri kwa muda mrefu, lakini ulitegemea mambo mawili: Stagg awe anashinda, na rais awe upande wake.

Miaka ya ushindi

Mwaka 1896 Chicago ilikuwa miongoni mwa vyuo saba vilivyounda ligi ambayo baadaye ilizoeleka kwa jina la Big Ten. Vingine vilikuwa Illinois, Michigan, Minnesota, Northwestern, Purdue na Wisconsin. Timu ya futiboli ya Chicago ilitwaa ubingwa wa ligi hiyo mara saba: 1899, 1905, 1907, 1908, 1913, 1922 na 1924. Katika mpira wa kikapu ilikuwa bingwa kila mwaka kuanzia 1907 hadi 1910.

Mchezo unaokumbukwa zaidi ni ule wa Novemba 1905, Chicago ilipoifunga Michigan 2–0. Michigan ilikuwa imecheza michezo 56 mfululizo bila kushindwa. Nyota wa Chicago wakati huo alikuwa Walter Eckersall, kijana aliyetoka sekondari ya Hyde Park, jirani kabisa na chuo. Eckersall aliondoka chuoni bila kupata shahada, na habari zake mara nyingi hutajwa kama mfano wa jinsi idara ilivyowalinda wachezaji wake dhidi ya masharti ya masomo.

Ubingwa wa 1907, 1908 na 1913 unahitaji kuangaliwa kwa tahadhari kidogo. Mwaka 1906 ligi ilipitisha kanuni kali zaidi baada ya malalamiko juu ya vifo na udanganyifu katika futiboli. Idadi ya michezo ilipunguzwa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wakazuiwa kucheza. Michigan ilikataa kanuni hizo, ikajitoa, na haikurudi hadi mwaka 1917. Kwa hiyo Chicago ilitwaa mataji hayo matatu mpinzani wake mkubwa akiwa nje ya ligi.

Stagg aliandaa pia mashindano ya riadha ya shule za sekondari, na kuanzia 1917 mashindano ya kitaifa ya mpira wa kikapu ya shule hizo. Mashindano hayo yaliwaleta vijana wenye vipaji hadi kwenye viwanja vya chuo, ambako Stagg aliweza kuwaona na wao kumwona.

Dalili za kushuka

Mwaka 1924 Chicago ilitoka sare ya 21–21 na Illinois iliyokuwa na Red Grange, mchezaji maarufu kuliko wote wa zama hizo, kisha ikatwaa ubingwa. Huo ulikuwa wa mwisho. Stagg aliendelea kufundisha kwa misimu minane zaidi bila kupata taji lingine la ligi.

Sababu zilikuwa kadhaa. Vyuo vya serikali za majimbo kama Michigan, Illinois na Ohio State vilikua haraka na kuwa na wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza, ilhali Chicago ilizidi kuwa chuo cha utafiti na masomo ya juu. Wapinzani hao walikuwa na masomo ya elimu ya michezo ambayo mchezaji angeweza kuyachukua kama shahada. Chicago haikuwa na njia hiyo. Ndani ya mji wenyewe watazamaji walikuwa na mahali pengine pa kwenda: timu ya kulipwa ya Bears ilihamia Chicago mwaka 1921, na uwanja wa Soldier Field ulifunguliwa mwaka 1924. Stagg naye alikuwa amezeeka. Katika mwaka huo wa ubingwa wa mwisho alitimiza umri wa miaka 62, na hakukuwa na mpango wowote wa wazi wa kumrithi.

Msaidizi aliyeonekana kufaa alikuwa Fritz Crisler, mchezaji wa zamani wa Stagg. Mwaka 1930 Crisler aliondoka kwenda Minnesota, kisha Princeton, na mwaka 1938 akawa kocha wa Michigan.

Hutchins na Metcalf

Hutchins alikuwa rais wa chuo mwaka 1929 akiwa na umri wa miaka 30. Aliamini kwamba kazi ya chuo ni kufundisha watu kufikiri, na kwamba futiboli ya kibiashara haina nafasi katika kazi hiyo. Hakuanza kwa kuifuta. Alichofanya kwanza ni kuiweka idara ya michezo chini ya taratibu zilezile za idara nyingine, ikiwemo kanuni ya kustaafu katika umri wa miaka 70. Stagg aliomba kuendelea, akakataliwa. Msimu wa 1932 ukawa wa mwisho kwake baada ya miaka 41. Alikwenda California kufundisha katika Chuo cha Pacific hadi 1946, na alifariki mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 102.

Kazi ya Stagg iligawanywa. Nelson Metcalf akawa mkurugenzi wa michezo, na Clark Shaughnessy akawa kocha wa futiboli, lakini Metcalf hakurithi mamlaka ya mtangulizi wake. Chini yake timu za tenisi zilifanya vizuri. Futiboli ilimpata Jay Berwanger, ambaye mwaka 1935 alikuwa mtu wa kwanza kupewa tuzo ambayo leo huitwa Tuzo ya Heisman, na mwaka uliofuata akawa mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa katika uteuzi wa ligi ya kulipwa ya NFL. Berwanger hakucheza ligi hiyo. Pamoja na kuwa na mchezaji bora wa taifa, mwaka 1935 Chicago ilishinda michezo minne tu na kupoteza minne.

Msimu wa 1939

Baada ya Berwanger kuondoka timu iliporomoka. Katika misimu mitatu ya 1937 hadi 1939 haikushinda mchezo hata mmoja wa ligi. Mwaka 1939 ilifungwa 85–0 na Michigan, 61–0 na Ohio State, 61–0 na Harvard, 47–0 na Virginia na 46–0 na Illinois. Hata Beloit, chuo kidogo cha jimbo la Wisconsin, kiliifunga 6–0. Ushindi wake ulikuwa dhidi ya Wabash na Oberlin pekee. Kocha wa Michigan siku ya 85–0 alikuwa Crisler.

Tarehe 21 Desemba 1939 bodi ya wadhamini ilitangaza kufuta futiboli. Shaughnessy alihamia Stanford, na mwaka 1940 timu yake mpya ilishinda michezo yote. Tatizo la Chicago, basi, halikuwa ufundi wa kocha.

Timu nyingine zilibaki Big Ten, lakini hazikuweza kushindana na vyuo vilivyozidi kuwekeza. Mwaka 1946 chuo kilijitoa rasmi. Nafasi yake ilichukuliwa baadaye na Michigan State.

Uwanja

Uwanja wa chuo, Stagg Field, uliwahi kuchukua watazamaji zaidi ya 50,000. Baada ya futiboli kufutwa majukwaa yake yalibaki matupu. Tarehe 2 Desemba 1942, chini ya jukwaa la magharibi, kikundi cha wanasayansi wakiongozwa na Enrico Fermi kilifanikisha kwa mara ya kwanza mmenyuko wa nyuklia unaojiendesha wenyewe. Majukwaa yalibomolewa mwaka 1957. Maktaba ya Regenstein, iliyofunguliwa mwaka 1970, imejengwa mahali hapo.

Kurudi kwa futiboli

Miaka ya 1960 wanafunzi walianza kucheza tena futiboli isiyo rasmi. Mwaka 1963 wanafunzi wengine waliingia na kuketi katikati ya uwanja kupinga. Timu rasmi ilirudi mwaka 1969, safari hii bila ufadhili wa masomo kwa wachezaji.

Leo Chicago inashiriki Daraja la Tatu la chama cha michezo ya vyuo NCAA, ambalo haliruhusu ufadhili wa masomo kwa sababu ya michezo. Mwaka 1986 ilishiriki kuanzisha University Athletic Association, ligi ya vyuo vya utafiti, ambayo Mary Jean Mulvaney, mkuu wa idara wakati huo, alikuwa mmoja wa waasisi wake. Mwaka 2022 timu ya soka ya wanaume ilitwaa ubingwa wa kitaifa wa daraja hilo ikiwa chini ya Julianne Sitch, mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya soka ya wanaume kutwaa ubingwa wa NCAA. Tuzo ya Berwanger ya mwaka 1935 inaonyeshwa katika jengo la michezo la Ratner chuoni hapo.