Kutoka Meza ya Mashtaka hadi Kiti cha Jaji Mkuu: Safari ya Mohamed Chande Othman



Ukurasa huu wa historia kwa kawaida ni wa mambo ya kwetu: magofu ya Chwaka, bandari yetu, soko letu la samaki. Mwaka huu tunamwandika mtu asiyekuwa wa Tumbe, na sababu tunayo. Mfuko wa elimu wa jumuiya yetu unaomba msaada wa kusomesha vijana, na baadhi yao wanataka kusoma sheria. Katika vikao wapo wazee waliouliza: udaktari tunaufahamu, ualimu tunaufahamu, lakini sheria itakifaa nini kijiji cha wavuvi? Suali hilo ni la haki, na tunaona jawabu lake limo katika maisha ya kazi ya Jaji Mohamed Chande Othman, Mtanzania aliyeanza na mashtaka akamalizia na uamuzi.

Arusha: shahidi kwanza

Mwaka 1994, kuanzia Aprili hadi Julai, watu wapatao laki nane waliuawa nchini Rwanda. Novemba ya mwaka ule ule Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu ya kuwahukumu wahusika wakubwa, na makao yake yakawekwa Arusha, ndani ya jengo la Kituo cha Mikutano cha Kimataifa.

Mohamed Chande Othman, mwanasheria aliyezaliwa mwaka 1952 na aliyewahi kufanya kazi na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, aliingia katika ofisi ya mashtaka ya mahakama hiyo na akafika kuwa mkuu wa uendeshaji wa mashtaka. Mwendesha Mashtaka Mkuu mwenyewe alikuwa na makao The Hague, kwa sababu alishughulikia pia kesi za Yugoslavia. Kwa hiyo mzigo wa kila siku, wa kuzipanga kesi na kuzisimamisha mbele ya majaji, uliwaangukia waliokuwepo Arusha na Kigali.

Na mzigo wenyewe ulikuwa mzito. Mtu anaweza kujua kwa yakini kwamba mauaji yametokea, dunia nzima ikawa inajua, na bado asiweze kumtia mtu mmoja hatiani. Mahakama haiulizi kama jambo linajulikana. Inauliza nani aliona, wapi, saa ngapi, na alijuaje kwamba aliyemwona ni huyu aliyekaa kizimbani. Wengi wa waliokuwa na majibu ya maswali hayo walikuwa wakulima wa vijijini, na wengine walikuwa wajane. Waliletwa Arusha, mahakamani wakatajwa kwa herufi badala ya majina ili wasije wakadhuriwa. Hadi mahakama ilipofungwa mwisho wa mwaka 2015, mashahidi zaidi ya 3,000 walikuwa wamesikilizwa.

Tutaje kesi moja tu. Jean-Paul Akayesu alikuwa meya wa Taba. Hati ya kwanza ya mashtaka yake haikuwa na shitaka la ubakaji. Kesi ikiwa inaendelea, mwanzoni mwa 1997, mwanamke mmoja aliyekuja kueleza mambo mengine alisema mtoto wake wa miaka sita alibakwa. Majaji wakamuuliza zaidi. Akafuata shahidi mwengine, na mwengine. Upande wa mashtaka ukarudi kuchunguza, na Juni ya mwaka huo hati ikabadilishwa. Tarehe 2 Septemba 1998 Akayesu akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kesi kusikilizwa, na hukumu hiyo ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa sehemu ya kosa hilo. Mlango wa hukumu hiyo uliofuatwa na mahakama nyingine duniani ulifunguliwa na mama wa kijijini aliyekataa kunyamaza.

Siku mbili baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji, baada ya kukiri makosa. Katika kesi hiyo Chande Othman alikuwa miongoni mwa waendesha mashtaka.

Timor Mashariki: kuanza bila ya mahakama

Mwaka 2000 alikwenda mbali zaidi. Watu wa Timor Mashariki, eneo lililo baina ya Indonesia na Australia, walipiga kura tarehe 30 Agosti 1999, na asilimia 78.5 wakachagua kujitenga na Indonesia. Wanamgambo wakajibu kwa moto na mapanga. Watu zaidi ya 1,000 waliuawa, na majengo mengi, pamoja na ya mahakama, yakateketezwa. Umoja wa Mataifa ulipochukua utawala wa mpito ulikuta nchi haina majaji. Wanasheria vijana wa huko waliapishwa kuwa majaji na waendesha mashtaka bila ya kuwahi kuifanya kazi hiyo kabla.

Chande Othman akawa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa nchi hiyo. Disemba 2000 ofisi yake ilitoa hati za kwanza za mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu. Hapo alikutana na kikwazo ambacho bidii peke yake haikiondoi: watuhumiwa wengi walikuwa wameshavuka mpaka, na hawakurejeshwa. Kazi ile ilipofungwa mwaka 2005, watu 84 walikuwa wametiwa hatiani, lakini zaidi ya 300 walioshitakiwa walibaki nje ya mkono wa mahakama. Chande Othman hakuyaficha mapungufu hayo. Aliandika kitabu kuhusu uwajibikaji wa kisheria Rwanda na Timor Mashariki, kikachapishwa mwaka 2005.

Upande wa pili wa meza

Mwaka 2004 aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania, mwaka 2008 akapandishwa Mahakama ya Rufani, na Disemba 2010 akawa Jaji Mkuu wa Tanzania, akimpokea Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Unguja aliyewahi pia kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar.

Wapo wanaoogopa mwendesha mashtaka akiwa jaji. Wanasema aliyezoea kushitaki atamwona kila mshitakiwa kuwa ni mkosa. Hofu hiyo ina msingi, na ndiyo maana jaji huapa. Lakini kazi ile ina upande wake wa pili. Aliyewahi kubeba mzigo wa kuthibitisha anajua namna kesi dhaifu inavyopambwa, kwa sababu ameshawahi kuletewa mafaili ya namna hiyo mezani kwake. Ni kama mnunuzi wa soko letu aliyekuwa mvuvi: huwezi kumwambia samaki ni wa alfajiri. Atamfunua shavu atazame wekundu, ndipo apandishe bei.

Tukumbushane kwa nini kiti hiki kinatuhusu. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake na Jaji Mkuu wake, na Pemba tunahudumiwa na tawi lake la Chake Chake. Lakini Mahakama ya Rufani ni chombo cha Muungano, na kinachoiongoza ni kiti cha Jaji Mkuu wa Tanzania. Isipokuwa mambo kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na kesi zilizoanzia kwa kadhi, asiyeridhika na Mahakama Kuu ya Zanzibar hukata rufaa huko. Mtu wa Tumbe aliyefungwa kimakosa anaweza kuokolewa na kiti hicho.

Katika uongozi wake sheria ya mwaka 2011 ilitenganisha kazi ya utawala wa mahakama na kazi ya kuhukumu, ili jaji asishughulike na magari na karatasi. Tarehe 5 Novemba 2015 ndiye aliyemwapisha Rais John Magufuli, na siku hiyo hiyo Mzanzibari mwenzetu, Samia Suluhu Hassan, akaapa kuwa Makamu wa Rais. Januari 2017, alipotimiza umri wa miaka 65, alistaafu.

Wachoma makaa wa Ndola

Hata hivyo hakupumzika. Tangu 2015 Umoja wa Mataifa ulikuwa umempa uongozi wa kuchunguza upya kifo cha Katibu Mkuu wake, Dag Hammarskjöld, aliyeanguka na ndege usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961 karibu na Ndola, katika Zambia ya leo, akiwa safarini kutafuta suluhu ya vita vya Katanga. Ndani ya ndege walikuwemo watu 16.

Baadhi ya wachoma makaa wa msituni waliona mengi usiku ule, na wapo waliosema kulikuwa na ndege nyingine angani. Tume ya serikali ya kikoloni iliwasikiliza Waafrika hao kisha ikayaweka kando maneno yao. Miaka zaidi ya 50 baadaye, jopo la Chande Othman lilikaa na mashahidi waliokuwa hai, likapima neno la kila mmoja kwa mizani moja na maneno ya wakubwa. Alipowasilisha ripoti ya 2017 alieleza kuwa inawezekana ndege ilishambuliwa au kutishwa na nyingine, na akayataka mataifa makubwa yafungue nyaraka zao.

Linalotuhusu sisi

Ndugu zetu, kutoka Taba hadi Ndola, jambo ni moja: haki ilisimama pale mtu mdogo aliposema alichokiona, na msomi akajua namna ya kukiandika.

Kwetu yote mawili yana upungufu. Tunalo muhali. Mtoto anadhalilishwa, mtendaji ni jirani au jamaa, wazee wanakaa kitako, jambo linamalizwa kwa soda na kuombana radhi. Kesi ikifika mahakamani shahidi hatokei, na faili linafungwa. Siku ya pili tunailaumu mahakama, wakati sisi ndio tuliomnyima mwendesha mashtaka cha kusimamia.

Muhali tutauacha wenyewe, na hauhitaji mchango. Wasomi wa sheria watapatikana kwa ada, vitabu na nauli, na hayo ndiyo tunayoyaomba katika kijitabu hiki. Tukimsomesha mmoja akarudi, mama wa Tumbe atakuwa na wa kumuuliza ni wapi pa kuanzia, na atajibiwa kwa lugha anayoijua.