Gurudumu la Mbele: Historia ya Baiskeli ya Mikono na Njia ya Kwenda Mizanini

Wanachama wengi watakaofungua kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka kumi ya Chama Kikuu chetu watatafuta kwanza habari za mazao, maghala na bei, na ndivyo ipasavyo. Sehemu hii yaeleza jambo dogo kuliko hayo, nalo ni historia ya baiskeli ya magurudumu matatu inayoendeshwa kwa mikono na watu wasioweza kutembea. Hasa yaeleza habari za gurudumu lake la mbele, ambalo tangu lilipobuniwa limekuwa na tabia ya kuzunguka bure pale ambapo mwenye chombo analihitaji sana.

Jambo hili lahusu ushirika, kwa sababu wakulima wengi wa nchi zetu waliingia katika ushirika kwa ajili ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma na Ukerewe, katika Tanganyika, waliweka wapimaji wao wenyewe ili wahakikishe uzito uliosomwa na wanunuzi. Kutokana na juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, vilizaliwa vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Walichodai ni haki ya mkulima kuona mshale wa mizani kwa macho yake. Basi mwanachama asiyeweza kutembea, ambaye njia yake ya kwenda kituo cha kununulia mazao ina mlima wa changarawe, huwa amerudishwa katika hali ile ya zamani. Gunia lake huenda kwa mkono wa jirani, naye huletewa stakabadhi nyumbani. Jirani aweza kuwa mwaminifu kabisa. Lakini haki ile haikupiganiwa ili itegemee uaminifu wa jirani.

Stephan Farffler, fundi wa saa wa Altdorf karibu na Nuremberg katika Ujerumani, hakuweza kutumia miguu yake. Mwaka 1655, akiwa na umri wa miaka 22, alijiundia kiti chenye magurudumu matatu. Mbele yake aliweka mipini ya kuzungusha kwa mikono, nayo ikaliendesha gurudumu la mbele kwa meno, kama yalivyo meno ya ndani ya saa. Kwa fundi wa kazi ile ilikuwa ndiyo njia ya karibu, maana mikono i mbele ya mwili, na gurudumu la mbele li karibu na mikono. Zaidi ya karne tatu zimepita, na mafundi wengi wa Afrika Mashariki na Kongo, wanaounda baiskeli hizi kwa mabomba ya chuma na vipande vya baiskeli za kawaida, wameufuata mpango uleule. Mipini huwekwa mbele ya kifua, na mnyororo hushuka hadi kwenye gurudumu la mbele.

Mpango huo una ubaya mmoja, na ubaya wenyewe si wa mikono. Mtu huketi karibu na magurudumu mawili ya nyuma, na aghalabu mzigo wake hufungwa nyuma ya kiti au chini yake. Kwa hiyo nguvu yote hupelekwa kwenye gurudumu lililobeba sehemu ndogo ya uzito. Na tufanye hesabu. Tuseme mtu, chombo na gunia ni kilo 120 kwa jumla, na gurudumu la mbele limebeba kilo 30. Kupanda mlima unaoinuka mita 1 kwa kila mita 10 kwahitaji msukumo wa kama kilo 12, bila kuhesabu ulaini wa udongo. Tuseme tena kwamba changarawe iliyolegea hulipa gurudumu mshiko wa theluthi moja tu ya uzito unaolikandamiza. Gurudumu letu basi litaweza kusukuma kwa kilo 10, na hapo ndipo mwisho wake. Hata mwendeshaji awe na mabega ya mpiga makasia, litazunguka palepale na kurusha mawe. Zaidi ya hayo, chombo kikielekea mlimani uzito huzidi kwenda nyuma, na zile kilo 30 hupungua.

Sasa kiti kisogezwe mbele, na sehemu ya mzigo itiwe katika kikapu kilichofungwa chini, mbele ya magoti, mpaka gurudumu libebe kilo 42. Mshiko wafika kilo 14, na chombo chapanda. Uzito ni uleule wa kwanza, ila umehamishwa. Wale wanaoshindana kwa baiskeli za mikono, ambao mashindano yao yaliingizwa katika Michezo ya Paralimpiki ya Athens mwaka 2004, wengi wao hulala chini kabisa na kunyoosha miguu mbele, ikipita pande zote mbili za gurudumu.

Hata hivyo fundi asipite kiasi. Katika chombo chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma, kadiri uzito unavyosogezwa mbele ndivyo kinavyokuwa chepesi kupinduka ubavu kwenye kona. Usukani nao huwa mzito. Ndiyo maana kiti kikisogezwa, yafaa kishushwe pia, na mzigo wa mbele ukae chini ya magoti. Kuuweka juu ya usukani, kama nilivyoona ukifanywa sokoni, ni kutafuta kuvunjika mkono.

Jambo la pili ni tairi, na hapa wasomaji wafugaji watapenda kujua kwamba tunayemshukuru alikuwa daktari wa mifugo. Robert William Thomson alikuwa amepata hati ya ubunifu wa tairi la upepo huko Uingereza mwaka 1845, lakini lilisahauliwa. Kisha John Boyd Dunlop, aliyekuwa akitibu wanyama mjini Belfast, alilibuni upya kwa ajili ya baiskeli ya mtoto wake, nayo ilikuwa ya magurudumu matatu. Akapata hati yake mwaka 1888. Tairi la upepo hulainika chini na kuyakumbatia mawe, hali gurudumu gumu huyagusa kwa ncha tu. Kwa njia zetu tairi la mbele liwe pana, lenye meno marefu, na upepo wake upunguzwe kidogo kabla ya kuingia changarawe au mchanga. Ukipunguzwa mno, tyubu hubanwa na rimu ikapasuka. Mafundi wengine hupenda tairi la mpira mtupu kwa kuwa halitoboki. Hiyo ni faida kweli, lakini mlimani mwenye chombo huilipia.

Giya ndogo hupunguza taabu ya mikono, wala haiongezi mshiko hata chembe. Inachosaidia ni kumwezesha mtu kuzungusha polepole bila kushtua, maana gurudumu huanza kuteleza kwa mshtuko.

Wako waliolikimbia tatizo lote kwa kupeleka mnyororo nyuma, na baiskeli nyingi za mikono za India zimeundwa hivyo. Gurudumu la nyuma hubeba uzito mzuri. Lakini likiendeshwa moja tu kati ya mawili, chombo huvutwa upande, na dereva hushindana na usukani wake njia nzima. Kwa mwenye chombo cha zamani, kusogeza kiti ni kazi ya kuchomelea ya siku moja, na kubadili mnyororo ni kuunda chombo kipya.

Imebaki hatua ya mwisho, ambayo si ya fundi wa baiskeli bali ya kamati zetu za ujenzi. Vituo vingi vina ngazi mbili au tatu kabla ya kufikia mizani. Kipimo cha mteremko wa kupandia kinachokubaliwa katika nchi nyingi ni kuinuka mita 1 kwa mita 12. Kwa chombo chetu cha kilo 120 hicho chataka msukumo wa kilo 10, yaani kiasi kilekile ambacho gurudumu lenye kilo 30 liliweza kwenye changarawe, na saruji kavu iliyokwaruzwa hushika zaidi sana. Saruji hiyo isipigwe msasa ikawa laini, na isiachwe na punje zilizomwagika, maana juu ya punje hata kilo 42 hazitoshi.