Huru, Bure na Rafiki



Juma hili kijana mmoja wa kwaya alinijia na daftari lake la Kiingereza, akaniuliza: "Baba Paroko, neno 'free' maana yake ni huru au ni bure?" Nikamjibu kwamba ni yote mawili. Akaondoka, lakini swali lake likabaki nami.

Mwingereza ana neno moja hapo ambapo sisi tuna mawili. Wataalamu wa lugha wanatueleza pia kwamba "free" lina shina moja na "friend", yaani rafiki, na kwamba shina hilo la kale lilihusu kupenda. Aliye huru alikuwa mpendwa, mtu wa nyumbani. Kilatini nacho kina jambo la namna hiyo: "liber" ni mtu huru, na "liberi" ni watoto wa nyumba.

Je, Kiswahili? Katika pwani yetu ya karne ya 19, mtumwa alitofautishwa na muungwana, yaani mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo na mji wake. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru, lakini hakuwa muungwana kwa hilo tu. Aliondolewa mnyororo, asipewe ukoo. Na wale waliookolewa na manowari za Waingereza kutoka katika majahazi ya watumwa, watu wa Unguja waliwaita mateka, ingawa tayari walikuwa wamefunguliwa.

Masasi yetu imeanza na watu wa namna hiyo. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Unguja kufungwa, Askofu Edward Steere wa Misheni ya Kianglikana alipita Lindi akiwa na wanaume 31 na wanawake 24 waliokombolewa utumwani. Nia ilikuwa kuwarudisha upande wa Ziwa Nyasa, karibu na makwao. Safari ikaishia hapa, chini ya milima hii ya mawe. Wakajenga, wakalima, wakafunga ndoa. Walikuwa huru.

Lakini mwezi Septemba 1882, majuma machache baada ya Steere kufariki dunia huko Unguja, Wamagwangwara, yaani Wangoni, waliivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, baadhi ya watu wakauawa, na wengine wakachukuliwa. Waliokwisha kuitwa mateka baada ya kufunguliwa, sasa wakawa mateka kweli kweli. Walikuwa na uhuru, lakini hawakuwa na ukoo wa kuwakimbilia wala jemadari wa kuwakinga.

Basi waende wapi? Padre Chauncy Maples na baadhi ya walionusurika walipanda Newala, kwa Matola, mkuu wa Wayao. Wale hawakuwa wa ukoo wake, wala dini yao haikuwa ya wazee wake. Hata hivyo aliwapokea, na misheni ikapata makao huko juu ya uwanda. Nadhani hapo ndipo maneno yale yanakutana: uhuru ulipata mlango wa rafiki, nao ukaanza kuwa na nyumba.

Ndugu zangu, sheria iliondoa hali ya utumwa Unguja mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Tarehe 9 Desemba 1961 neno uhuru, lililokuwa la mtumwa aliyeachwa, likawa la taifa zima. Hata hivyo, binti anayetoka vijijini kwetu kwenda mjini kufanya kazi za ndani, asiyejua mshahara wake wala siku ya mapumziko, hana mnyororo. Je, ni huru? Na yule ambaye kwenye kikao cha ukoo bado anakumbushwa kwa minong'ono kwamba babu yake alinunuliwa?

Yesu aliwaambia wanafunzi wake kwamba hawaiti tena watumwa bali rafiki. Angeweza kuishia kwenye kuwaacha huru. Aliwaketisha mezani. Nasi tumepewa nafasi mezani hapo bure, ingawa Yeye alilipa gharama.

Basi juma hili tusiulize tu ni nani tumemfungulia kamba. Tuulize ni nani tumemfungulia mlango.

Nawatakia Dominika njema.