Kamba ya kana isipakwe rangi nzito

Wenye mashua ndogo hupenda kuzonga kamba kwenye kana, na wengine huizonga hata kwenye mlingoti. Ni pambo, lakini lina kazi pia: mkono uliolowa hautelezi, na mbao hailiki inaposuguliwa. Tatizo huja pale mtu anapotaka pambo lidumu, akachukua rangi ya mafuta au vanishi nzito, akapaka tabaka juu ya tabaka mpaka kamba ikawa ngumu kama kigae.

Hung'aa kweli. Ila kana hupinda kidogo kila wimbi linapoupiga usukani, na rangi ngumu haipindi nayo. Hupasuka nyufa ndogo, maji ya mvua yakaingia yasipate pa kutokea. Maji ya chumvi si adui mkubwa wa mbao. Ya mvua ndiyo yaletayo ukungu wa kuozesha. Matokeo yake kana hukatika mkononi, tanga limejaa upepo na mwamba uko mbele, na kamba kwa nje bado inameta.

Wazee walitumia usumba, nyuzi za makumbi yaliyofukiwa pwani miezi kadhaa, yakapondwa na kusokotwa. Hustahimili bahari kuliko katani au pamba, ndiyo maana mitepe ya Lamu ilishonwa kwa usumba, bila misumari. Vyombo vilipakwa sifa, mafuta ya maini ya papa, ambayo huingia ndani ya uzi badala ya kuganda juu. Harufu yake, tusifichane, wageni wa matembezi hawaipendi. Badala yake tumia mafuta ya linsidi, kidogo kidogo, kila mpako ukauke kwanza. Vitambaa ulivyopakia vitandaze nje: vikirundikwa vikiwa na mafuta hayo huweza kushika moto vyenyewe.

Ipake mafuta mbao yenyewe kabla ya kuzonga. Ukishikilia vanishi, mpako wa kwanza uwe mwepesi uzame, kisha uishie hapo. Kamba ya nailoni hainywi mafuta. Hiyo huliwa na jua, ibadilishe inapoanza kutoa manyoya.

Masika ikikaribia, ifunike kwa turubai lisilobana, hewa ipite. Na chombo kikipandishwa kwa kalafati, fungua mizongo michache karibu na usukani, udunge mbao kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, fungua kamba yote na umwite fundi kabla chombo hakijarudi majini.