Mionzi na Nauli

Pale kwetu Mbagala, ukisema mtu kapelekwa Ocean Road, hakuna anayeuliza anaumwa nini. Watu wanashusha sauti. Wengine wanaanza kuhesabu waliokwenda wasirudi, utadhani ile barabara ya ufukweni ni ya kwenda tu. Na mimi nilikuwa mmoja wao, mpaka mwaka 2009 shangazi yangu aliposhuka kwenye basi la Morogoro na begi moja na barua ya daktari. Kikao cha ukoo kikaamua kwamba mimi ndiye nitakayemsindikiza kila siku, maana "wewe huna kazi, unaandikaandika tu."

Basi leo, ndugu msomaji, sikuletei shairi. Nakuletea historia ya mionzi, jinsi nilivyokuja kuisoma baadaye, nikitafuta jibu la swali moja: kwa nini shangazi alitakiwa kwenda siku ishirini na tano? Kama mionzi inaua saratani, si imuue siku moja tukalale?

Nianze na jengo. Wajerumani walilifungua mwaka 1897, likitazama bahari, wagonjwa wapate upepo. Wagonjwa wao, lakini. Mwafrika na Mhindi walikuwa na hospitali yao upande mwingine wa mji, iliyojengwa kwa fedha za mfanyabiashara Sewa Haji, huyohuyo ambaye jina lake utalikuta Muhimbili mpaka leo. Sasa angalia miaka inavyofuatana. Novemba 1895, kule Würzburg, Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliona miale ambayo haikujulikana, inayopenya nyama na kuacha kivuli cha mfupa. Hakutaka kujimilikisha uvumbuzi ule, akawaachia walimwengu. Mwaka 1898 Marie na Pierre Curie wakatangaza radiamu. Kwa hiyo lile jengo na mionzi ni rika moja, ila walikaa miongo mingi bila kufahamiana.

Mwanzoni mambo yalikwenda pupa. Mwaka 1896 wenyewe, kabla watu hawajaielewa ile miale, wapo waliokwisha kuielekeza kwenye uvimbe wa wagonjwa. Uvimbe mwingine ulisinyaa kweli, watu wakashangilia. Lakini ngozi ziliungua, na waliokuwa wakizichezea mashine wakaanza kupoteza vidole. Clarence Dally, msaidizi wa Edison kule Marekani, alikatwa mikono na akafa mwaka 1904. Miale iliyoua saratani iliua na mwenye kuishika.

Aliyeleta nidhamu ni Mfaransa mmoja, Claudius Regaud, na usicheke, alianzia kwenye korodani za kondoo dume. Alitaka kuwafanya wasizae kwa kutumia mionzi. Akipiga dozi kubwa mara moja, ngozi iliharibika vibaya, na bado kondoo alizaa. Akiigawa dozi ileile siku mbalimbali, kondoo akawa tasa na ngozi ikasalimika. Akafikiri: uvimbe nao unajigawa harakaharaka kama mbegu za kondoo. Miaka ya 1920, pale Paris, yeye na mwenzake Henri Coutard wakaanza kuwatibu watu hivyo, kidogokidogo, kwa majuma. Seli nzima hupata nafasi ya kujitengeneza kati ya dozi na dozi, na seli ya saratani haina ufundi huo kwa kiasi hicho.

Hapo nikapata jibu langu. Siku ishirini na tano za shangazi zilipangwa na kondoo wa Paris. Lakini nilipofunga kitabu nikaona jambo ambalo kitabu chenyewe hakikulisema. Siku ile Regaud alipoigawa dozi, tiba iligeuka kuwa makazi. Haikutosha tena mgonjwa kufika, ilibidi akae. Na kukaa kunataka godoro, uji, sabuni, mtu wa kumshika mkono kwenye ngazi, na nauli ya kesho.

Mashine aliyoitumia shangazi ilikuwa ya kobalti. Hiyo nayo ina hadithi yake: mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwayo Oktoba 1951 mjini London, siyo ile ya Malkia, ile ya Ontario, Canada. Kobalti ilizifaa nchi zetu kwa sababu haina makuu. Haitegemei umeme mwingi, maana mionzi inatoka yenyewe kwenye kipande cha madini kilichofungiwa ndani. Tatizo ni kwamba madini yale yanazeeka. Kila baada ya miaka mitano na kidogo nguvu yake inabaki nusu, na aliyelala pale dakika mbili atalala nne. Foleni inarefuka bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka.

Ocean Road ilifanywa taasisi inayojitegemea ya saratani kwa sheria ya mwaka 1996. Mwaka ule wa 2009 ndiyo ilikuwa hospitali pekee ya mionzi Tanzania nzima. Fikiria mtu wa Kigoma. Kwenye benchi nilikutana na akina mama wa Mtwara, wa Mara, wa Rukwa, wengi na ugonjwa uleule wa shangazi, saratani ya mlango wa kizazi. Walikuwa wamechelewa, kama yeye. Hospitali moja huko alikotoka, ambayo sitaitaja, ilimpa vidonge vya uchafu mwaka mzima huku damu ikimtoka.

Tiba yenyewe, alivyonieleza, haikuuma hata kidogo. Unalala kwenye kitanda kigumu, wote wanatoka, mlango mzito unafungwa, unabaki peke yako na mlio wa mashine. "Kama kaburini, ila unatoka," alisema, akacheka. Juma la pili damu ikakata. Nilimwona akivaa gauni jeupe, kitu alichokuwa hakithubutu, tukapita Feri kununua dagaa.

Sasa nifike pale ninapopakwepa. Matibabu hayakutugharimu kitu, lakini daladala mbili kwenda na mbili kurudi, watu wawili, siku tano kwa juma, hiyo ilitumaliza. Fedha ya mchango nilikuwa naitunza mimi. Juma la nne nikachomoa kiasi, nikaenda kuchapisha na kutoa nakala za mashairi yangu niyapeleke kwenye shindano. Nilijua nitairudisha. Sikuirudisha kwa wakati. Siku mbili nikamwambia shangazi apumzike, mashine mbovu. Akaniamini, akalala.

Sikujua wakati ule kwamba siku zinazorukwa zina gharama. Seli za saratani zilizobaki hazipumziki na wewe. Zinautumia mwanya huo kuzaana. Madaktari wanahimiza mgonjwa wa saratani ile amalize mapema bila kukatisha. Siwezi kusema siku zangu mbili ndizo zilizofanya kilichofuata. Alikuja akiwa amechelewa mno, na huenda yangekuwa yaleyale. Lakini hakuna daktari anayeweza kunihakikishia kuwa hazikuchangia, na nimewauliza wawili.

Mwaka uliofuata saratani ilirudi, safari hii mgongoni. Tukarudi tulikokuwa. Wakampiga mionzi siku moja tu. Nikaona basi, wameshakata tamaa, nikataka kufoka. Kumbe kwa maumivu ya mfupa, dozi moja mara nyingi inatuliza sawa na nyingi. Mionzi hapo haiji kuponya, inakuja kumwezesha mtu ageuke kitandani. Baada ya majuma mawili shangazi aliweza kukaa kwenye mkeka na kuchambua mchele. Kisha wakatupa chupa.

Chupa yenyewe ni ya plastiki, ndani maji yenye uchungu. Mofini. Jirani aliponong'ona kwamba tunamlisha shangazi madawa ya kulevya, nikamtetea bila kuwa na hoja. Hoja nimeipata nilipofuatilia chupa ile ilitokea wapi, na njia yake inapita Kampala.

Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, mzaliwa wa Liverpool aliyekwisha kufanya kazi Singapore na Nairobi, alianzisha Hospice Africa Uganda, katika nafasi ya kuazima pale hospitali ya Nsambya. Alikuja na sharti moja: serikali ikubali unga wa mofini uingie nchini. Ule unga unachanganywa na maji na dawa ya kuuhifadhi, unatiwa rangi ili nguvu moja isichanganywe na nyingine, mgonjwa anakunywa nyumbani kila baada ya saa nne. Hauhitaji sindano wala kitanda cha hospitali. Mwaka 2004 Uganda ikafika mbali zaidi, ikaruhusu kisheria wauguzi na maofisa tabibu waliofunzwa kuandika mofini, maana ukimngoja daktari kijijini utangoja na maumivu yako. Toka huko ujuzi ule ukatawanyika Afrika. Hapa kwetu wakauita tiba shufaa. Mimi jina hilo nalipenda.

Na sikiliza hili. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda, iliyoanza kazi 1995, iliharibika kabisa. Nchi nzima ikabaki bila mionzi. Hospitali ya Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kuwatibu wagonjwa 400 bure, lakini ikabidi kwanza wafike Nairobi, na wakae. Tumerudi palepale kwenye nauli na godoro. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018. Kwa muda wote ule kilichokuwa kikifika mpaka kwenye mlango wa nyumba ya udongo ni ile chupa, na muuguzi aliyeileta.

Ocean Road nayo mwaka huo wa 2018 ilifunga mashine za kisasa zinazotumia umeme badala ya kobalti. Na barabara yenyewe siku hizi inaitwa Barack Obama, tangu 2013, ingawa makonda na sisi wengine hatujazoea.

Shangazi alikunywa chupa yake miezi mitano. Usiku mmoja, akiwa ametulia, nilimweleza habari ya zile siku mbili. Alinyamaza muda mrefu nikadhani amesinzia.

"Hayo mashairi yalishinda?"

"Hayakushinda."

"Basi nisomee. Nisikie yaliyokula nauli yangu."

Nikawasha kibatari, umeme ulikuwa umekatika. Nilipofika la tatu akanizuia, akasema lile la kwanza lilikuwa na uongo mwingi, nirudie la pili.