Dawa inaua, au seli inajiua?

Mgonjwa wa Baray, wilayani Karatu, akipewa rufaa kwenda hospitali ya KCMC, Moshi, huambiwa kwamba kemo "inaua" seli za saratani. Kitenzi hicho kinaipa dawa sifa isiyo yake yote. Dawa ya kemo iitwayo sisplatini, kwa mfano, hunasa kwenye DNA na kuipinda. Hapo protini p53, iliyogunduliwa mwaka 1979, husimamisha mgawanyiko wa seli ili DNA irekebishwe. Urekebishaji ukishindikana, p53 huchochea vimeng'enya viitwavyo kaspasi, navyo huikatakata seli kutoka ndani. Seli imejiua. Kiambishi "-ji-" si pambo: saratani nyingi zina p53 mbovu, na hapo dawa mara nyingi hugonga mwamba. Wataalamu husema "apoptosisi". Mimi nachagua jina "kujiua kwa seli", ingawa linatisha kidogo. Wauguzi, lijaribuni.